Upatanisho na Maridhiano: Funzo la Kibera na Kawangware

Viambishi vya lugha yetu vina somo kuhusu amani. Kitenzi "patanisha" (pat-an-ish-a) kina kiambishi cha kutendana na kile cha kusababisha; kwa hivyo humhitaji mtu wa tatu, yaani mpatanishi. "Ridhiana" (ridhi-an-a) hakina kiambishi cha kusababisha: wahusika wenyewe ndio watendaji.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya, Kofi Annan aliwapatanisha Mwai Kibaki na Raila Odinga. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, nao ulizima moto. Hata hivyo, mgogoro wa kodi baina ya wenye nyumba na wapangaji ulikuwa umekwisha kumwaga damu Kibera mwaka 2001; na Kawangware ilishuhudia tena mapigano ya majirani baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 2017.

Ni dhahiri basi kwamba viongozi hawawezi kuridhiana kwa niaba ya majirani. Mwenye nyumba, mpangaji, mama mboga na kijana wa mtaani sharti waketi pamoja, kila mmoja akisema na kusikizwa. Katika "ridhiana", mtendaji hawi mmoja.