Somo la 12: Gitaa la Besi na Kasha la Spika

Ukiwa mbali na ukumbi ambamo bendi inapiga muziki wa dansi, mara nyingi husikii maneno ya mwimbaji. Unachosikia ni mdundo mzito wa ngoma na wa gitaa la besi. Ukisogea karibu, unaweza hata kuuhisi mdundo huo kifuani mwako. Katika somo hili tutajifunza jinsi sauti nzito inavyotokea, na sababu ya spika ya besi kutiwa ndani ya kasha.

Sauti nzito na sauti nyembamba

Umekwisha kujifunza kwamba sauti hutokana na kitu kinachotetemeka. Kitu kikitetemeka mara nyingi kwa sekunde moja, sauti huwa nyembamba. Kikitetemeka mara chache, sauti huwa nzito. Sauti nzito huitwa pia besi.

Jaribio la 1

Vifaa: ubao mrefu, msumari, vijiti viwili vya mbao, jiwe, mshipi mwembamba wa kuvulia samaki na mshipi mnene.

Njia:
(a) Weka ubao juu ya meza, ncha yake moja iwe kwenye ukingo wa meza. Pigilia msumari kwenye ncha ya pili.
(b) Funga mshipi mwembamba kwenye msumari. Uvute mpaka upite ukingo wa meza, kisha ufunge jiwe lining'inie. Mwenzako aushike ubao usiteleze.
(c) Pitisha vijiti viwili chini ya mshipi, viachane kwa sentimita 80. Kwanyua mshipi katikati ya vijiti, usikilize.
(d) Sogeza kijiti kimoja mpaka nafasi iwe sentimita 40. Kwanyua tena.
(e) Rudisha kijiti mahali pake. Ondoa mshipi mwembamba, ufunge ule mnene kwa jiwe lile lile. Kwanyua.

Umesikia nini? Mshipi ulipofupishwa, sauti ilikuwa nyembamba zaidi. Mshipi mnene ulitoa sauti nzito kuliko mwembamba, ingawa urefu na jiwe havikubadilika. Ukiongeza jiwe la pili, mshipi utakazika zaidi na sauti itakuwa nyembamba.

Tumeona basi kwamba uzi hutoa sauti nzito ukiwa mrefu, ukiwa mnene, au ukilegezwa. Lakini uzi uliolegezwa mno hautoi sauti safi. Kwa hiyo mafundi wa besi hutumia nyuzi ndefu na nene.

Besi ya zamani na besi ya umeme

Huko Unguja, vikundi vya taarabu hutumia besi kubwa ya mti inayosimamishwa sakafuni. Nyuzi zake zina urefu wa kiasi cha sentimita 105, na tumbo lake kubwa lililo wazi ndani husukuma hewa nyingi. Chombo hicho hutoa sauti nzuri, lakini ni kizito kubeba, na sauti yake humezwa upesi na ngoma na tarumbeta.

Mwaka 1951, Leo Fender wa mji wa Fullerton, huko California, Marekani, alianza kuuza gitaa la besi la umeme ambalo baadaye lilienea duniani. Nyuzi zake zilikuwa na urefu wa sentimita 86 hivi, na liliweza kuvaliwa begani. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Zikikazwa sawasawa, hutetemeka hivi:

Uzi wa kwanza (mwembamba): mara 98 kwa sekunde
Uzi wa pili: mara 73 kwa sekunde
Uzi wa tatu: mara 55 kwa sekunde
Uzi wa nne (mnene): mara 41 kwa sekunde

Gitaa hili halina tumbo kubwa la kusukuma hewa. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara nyingi. Uzi unapotetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo hutokea katika waya. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya, yaani mashine inayouongeza nguvu, kisha huingia katika spika. Ndani ya spika mna koili ya waya iliyo karibu na sumaku. Umeme huisukuma koili mbele na nyuma, nayo hutikisa karatasi ngumu yenye umbo la pia. Karatasi hiyo ndiyo inayoisukuma hewa, nasi tukasikia sauti.

Kazi ya kasha

Jaribio la 2 (lifanywe na mwalimu)

Vifaa: redio ya betri, spika isiyo na kasha, nyaya mbili, kadibodi kubwa iliyokatwa tundu dogo kidogo kuliko spika.

Njia: Unganisha spika na redio kwa nyaya. Ishike hewani, wanafunzi wasikilize muziki. Kisha iweke uso wake kwenye tundu la kadibodi, wasikilize tena.

Matokeo: Spika ikiwa hewani, muziki husikika mwembamba, kama unatoka katika kopo. Ikiwekwa kwenye kadibodi, besi husikika zaidi.

Kwa nini? Karatasi ya spika inaposukuma hewa ya mbele, wakati huo huo huivuta hewa ya nyuma. Mawimbi ya sauti nzito ni marefu. Wimbi la uzi mnene wa besi lina urefu wa mita 8 hivi, karibu sawa na urefu wa chumba cha darasa. Wimbi refu huzunguka ukingo wa spika kwa urahisi. Hivyo msukumo wa mbele na mvuto wa nyuma hukutana na kuuana. Kadibodi huzuia jambo hilo kwa kiasi. Kasha huzuia vizuri zaidi, kwa kuwa huifungia hewa ya nyuma.

Kasha jema huundwa kwa mbao nzito au plaiwudi nene, na maungo yake hukazwa. Kuta zikilegea, hutetemeka zenyewe na kuharibu sauti. Tena, fundi hawezi kupata kila kitu. Kasha dogo, sauti nzito sana, na matumizi madogo ya umeme havipatikani pamoja. Akichagua viwili, hana budi kupoteza cha tatu.

Ubishi wa wapigaji

Wapigaji wa besi hupenda kubishana. Mmoja husema, "Ndugu, sauti tamu hutoka kwenye gitaa." Mwingine hujibu, "La, ni kasha." Wa tatu husema, "Ni vidole vya mpigaji." Je, ubishi kama huu utaamuliwaje?

Wakibadilisha gitaa na kasha kwa pamoja, hawatajua ni kipi kilichobadilisha sauti. Inafaa wabadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mpigaji yule yule apige gitaa lile lile kwenye makasha mawili, kwa ukubwa ule ule wa sauti. Wasikilizaji wageuze migongo, wasijue ni kasha lipi linalolia. Kisha kasha libaki moja, wabadilishe gitaa, na mwisho wabadilishe mpigaji. Wataona kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Hii ndiyo njia ya sayansi: macho na majina ya vitu yasitutangulie kuamua.

Tunza masikio yako

Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea mitetemo. Sauti kubwa ya muda mrefu huviua, na vikifa havioti tena. Usisimame karibu na spika kubwa. Masikio yakivuma baada ya muziki, ujue yameumizwa, yapumzishe. Pia usifungue kamwe amplifaya au redio ya umeme wa ukutani.

Maswali

1. Taja mambo matatu yanayobadilisha uzito wa sauti ya uzi.
2. Kwa nini nyuzi za nailoni hazifai kwenye gitaa la besi lenye sumaku?
3. Eleza kwa nini spika isiyo na kasha hutoa besi hafifu.
4. Asha asema debe hukuza sauti ya uzi kuliko sanduku la mbao. Musa anakataa. Panga jaribio litakaloamua ubishi wao. Taja jambo moja utakalobadilisha, na mambo utakayoyaacha yalivyo.