Tusilalamike kusahauliwa ilhali hatukuandika

Ndugu msomaji, Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Mimi nilitoka Mombasa, nikavuka mpaka pale Sirari, nikaenda Nyamongo wilayani Tarime kumzuru binamu yangu, mzaliwa wa Tanga mwenye duka huko.

Nyamongo inajulikana kwa dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na mgeni akifika hudhaniwa kafuata mawe. Niliposema nataka kujua historia, binamu yangu akacheka: "Historia kaitafute Butiama."

Tukaenda. Tulirudi Tarime, tukavuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, tukafika Butiama alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922. Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Mlangoni binamu yangu alilipa kiingilio cha mwenyeji, mimi cha mgeni. Ndani tuliona vitu vyake binafsi, picha na zawadi alizopewa. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na siasa zake, lakini hapana atakayebisha kwamba kumbukumbu zake zimetunzwa.

Hapo nikajiuliza: na wenzake je? TANU ilipoasisiwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, Mwalimu hakuwa peke yake. Walikuwapo Abdulwahid Sykes, mdogo wake Ally, na Dossa Aziz. Katika harakati zile wamo pia Bibi Titi Mohamed, Sheikh Suleiman Takadir na Sheikh Hassan bin Ameir. Mwaka 1998 Mohamed Said alichapisha kitabu juu ya maisha ya Abdulwahid. Aliwezaje? Pamoja na mengine, familia ya Sykes ilikuwa imehifadhi nyaraka zake. Lau zingetupwa, leo tungebaki na masimulizi matupu.

Jioni tulirejea Nyamongo, tukaswali Maghrib katika msikiti mdogo. Baada ya swala nilimuuliza mzee mmoja: nani alitoa kiwanja hiki, na imamu wa kwanza alikuwa nani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, waliojua tumeshawazika."

Jibu hilo lilinichoma kuliko yote niliyoyaona siku ile. Misikiti mingapi ya mijini kwetu ingetoa jibu hilo hilo?

Dawa yake haihitaji mfadhili. Kamati ya msikiti inunue daftari moja. Yaandikwe humo jina la aliyetoa wakfu, mwaka wa ujenzi, maimamu na walimu wa madrasa kwa mfuatano wao. Hati ya kiwanja itolewe nakala. Vijana wenye simu wawarekodi wazee wakiwa hai, wala wasingoje siku ya khitma kuulizana marehemu alifanya nini.

Waliotunza ya Butiama wametimiza wajibu wao. Wetu tumwachie nani?

Wallahu a'lam.