Plagi Kuingia Si Ruhusa ya Kuchaji

SWALI: Chaja ya pikipiki yangu ya umeme imeungua. Betri imeandikwa volti 48. Jirani ana chaja ya volti 48 na plagi inaingia. Niitumie?

JIBU: Usiichomeke kwanza. Hiyo 48 ni jina la kundi tu. Kinachoamua usalama ni volti ambazo chaja hufikia betri ikijaa. Betri ya lithiamu yenye nikeli na kobalti kwa kawaida ina seli 13 zilizoungwa mfululizo, kila moja ikikoma kwenye volti 4.2, jumla 54.6. Ile ya fosfati ya chuma mara nyingi ina seli 16 za volti 3.65, yaani 58.4. Ukichaji ya kwanza kwa chaja ya pili, kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.5, kiwango ambacho joto linaweza kuanza kujizalisha lenyewe mpaka moto. Ukigeuza, betri haitajaa, basi.

Fundi atakwambia saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri itakata umeme. Itakata, kama ni nzima. Lakini imewekwa kwa dharura, si kwa kazi ya kila usiku, na inaweza kufa bila dalili yoyote. Kuhusu ampea sina ukali huo: chaja yenye chache huchelewesha tu, ingawa inayozidi kiwango cha betri huipasha moto. Linganisha kibandiko cha chaja na cha betri. Cha betri kikiwa kimefutika, muulize aliyekuuzia pikipiki volti za kujaa kabla ya kuazima chochote.