Somo: Kutaja Mahali Palipoharibika



Usiku wa tarehe 30 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kufikia siku iliyofuata, mito Nabuyonga na Namatala ilikuwa imefurika katika jiji la Mbale. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, baadhi yao wakiwa ndani ya gari la abiria lililosombwa na Mto Nabuyonga. Mabomba ya maji yalikatika, na maelfu ya wakazi wakakosa maji safi katikati ya mafuriko.

Mvua ya mlimani hatuwezi kuizuia. Tunaweza, hata hivyo, kujua mapema ni mtaro upi umeziba, ni kingo zipi za daraja zimelegea, na ni nani mwenye jukumu la kuzitengeneza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Somo letu la leo linahusu hatua inayotangulia kuziba, yaani kuonyesha ufa ulipo.

Makutano mamoja, wenyewe wanne

Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020. Katika majiji haya, barabara kuu ziko chini ya Wizara ya Kazi na Uchukuzi, ilhali barabara za mitaa na mitaro yake ni za halmashauri ya jiji. Mabomba ni ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, na nyaya za umeme, tangu Aprili 2025, zimo mikononi mwa UEDCL. Kwa hiyo makutano mamoja ya barabara yaweza kuwa na wenyewe wanne. Kila mmoja akitumia ramani yake peke yake, lami iliyomwagwa juzi itachimbwa leo kutafuta bomba, na udongo wake utaishia mtaroni.

Ramani ya kompyuta huondoa balaa hili kwa kupanga mambo katika matabaka: tabaka la barabara, la mitaro, la mabomba na la nguzo, yote juu ya ardhi ileile. Fundi anayetaka kuchimba huona kwanza kilicho chini ya jembe lake. Kila tengenezo huandikwa tarehe. Bomba likipasuka mara tatu katika mstari mmoja, ramani humwonyesha mhandisi kwamba tatizo huenda ni la bomba zima. Vilevile, maji yakituama mtaa mmoja, hufuata mstari wa mtaro hadi kwenye kizuizi, ambacho huenda kiko mtaa wa chini.

Majina yanayopotosha

Ramani hiyo haina faida ikiwa taarifa haina mahali. Sisi wa mpakani tunalijua jambo hili vizuri. Iko Busia ya Uganda na Busia ya Kenya; Malaba na Lwakhakha nazo ni vivyo hivyo. Namba ya dharura 999 hutumika katika nchi zote mbili, na simu iliyonasa mtandao wa ng'ambo yaweza kupokelewa na askari wa upande wa pili. Basi taja nchi kwanza, kisha jiji au wilaya, kisha mtaa. Msafiri anayesema tu kwamba pana shimo "karibu na kituo cha mafuta", kwenye njia ya Malaba hadi Jinja, hajamwelekeza mtu popote.

Kusoma namba mbili

Simu yenye ramani huonyesha mahali kwa namba mbili. Ya kwanza, latitudo, hupima umbali kutoka ikweta. Ya pili, longitudo, hupima umbali kuelekea mashariki. Jiji la Jinja liko karibu na 0.4 kaskazini na 33.2 mashariki; Mbale iko karibu na 1.1 na 34.2. Huku kwetu, digrii moja ni takriban kilomita 111. Hivyo tarakimu moja baada ya nukta hukosea kwa kilomita nyingi. Tarakimu nne hukufikisha ndani ya mita 11 hivi. Tano, mita moja hivi. Andika tano. Simu hupata namba hizi kutoka kwenye setilaiti, hata ukiwa huna salio.

Taarifa iliyo kamili

1. Nchi, jiji au wilaya, mtaa, na namba mbili za mahali.
2. Kilichoharibika, na upande wa barabara kilipo.
3. Namba ya nguzo au transfoma, ikiwa imeandikwa.
4. Hatari iliyopo: watoto hupita hapo? Maji yanapanda?
5. Saa na tarehe uliyoona.

Asiye na simu ya ramani amwone mwenyekiti wa kijiji, wajaze pamoja. Uharibifu wa kawaida upelekwe kwa mwenye jukumu. Waya ulioanguka, daraja lililobomoka au mfuniko wa mtaro ulioibwa, tuarifu polisi mara moja kwa 999 au 112. Usiuguse waya, wala usiingie majini ili upige picha.

Zoezi

Katika mkutano ujao wa polisi jamii, kila kijiji kilete mahali patatu panapohitaji matengenezo kabla ya mvua, pamoja na namba zake. Tutazisoma kwa pamoja na kuzikabidhi kwa wahusika, na katika mkutano utakaofuata tutaulizana ni zipi zimeshughulikiwa.