Somo la Jumapili: Mabinti Watano Walioomba

Masomo: Hesabu 27:1–11; Yoshua 17:3–6



Tarehe 15 Aprili ni mwisho wa kuomba chuo kwa muhula wa vuli. Kati yetu wapo vijana wanaomaliza gymnasium, na wapo akina mama na akina baba wanaomaliza Komvux. Tukiwauliza wataomba wapi, wengi hawataji Karolinska wala KTH. "Pale si pa watu wa Husby," wanasema, ingawa KTH imefundisha Kista miaka mingi, kituo kimoja tu cha treni kutoka hapa.

1. Waliomba kabla hawajajua jibu

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa walifiwa na baba yao, Selofehadi, jangwani. Hakuacha mtoto wa kiume, na nchi ilikuwa inagawanywa kwa jina la wanaume. Hawakubaki hemani wakinung'unika. Walisimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakaomba urithi. Musa mwenyewe hakuwa na jibu, akalipeleka jambo hilo kwa Bwana. Bwana akasema mabinti hao wana haki.

Katika kitabu hicho hicho, sura ya 13, wapelelezi kumi walirudi wakisema walijiona kama panzi. Hakuna Mkanaani aliyewaita panzi. Walijihukumu wenyewe, na kizazi kizima kikaikosa nchi.

2. Kuomba pakubwa hakukupunguzii kitu

Wazazi wengi hawajaelezwa jambo hili. Kwenye antagning.se mwombaji hupanga chaguo zake kwa namba. Ukiweka udaktari namba 1 na uuguzi namba 2, hupunguziwi hata pointi moja kwenye uuguzi. Lakini ukiweka lile unaloona rahisi juu kwa sababu ya hofu, ukakubaliwa hapo, chaguo zote zilizo chini yake hufutwa. Kwa hiyo panga kwa kadiri ya unavyotamani, si kwa kadiri ya unavyoogopa. Kisha weka chini yake chaguo la akiba ambalo ungelisoma kwa furaha.

Hatusemi kila mtoto awe daktari. Sisi tulio wauguzi tunajua kazi yetu si ya walioshindwa. Tunachokataa ni mtoto mwenye alama za kutosha kujifungia mlango ambao hakuna aliyemfungia. Tunawaona hospitalini wazee wetu wakishindwa kueleza maumivu yao kwa Kiswidi, mjukuu wa miaka kumi akiwatafsiria. Siku moja daktari atakayewauliza, "Mzee, unaumwa wapi?" anaweza kutoka katika darasa letu la Jumapili.

3. Walirudi mara ya pili

Katika Yoshua 17 mabinti wale wamesimama tena, sasa mbele ya Eleazari na Yoshua, wakikumbusha ahadi. Ndipo wakapewa. Kukataliwa kutakuwepo, nasi hatutawaficha vijana wetu. Lakini ipo orodha ya akiba, upo muhula mwingine, na högskoleprovet hufanyika mara mbili kwa mwaka. Matokeo yako bora ndiyo yanayohesabiwa. Likipungua somo moja la kutimiza masharti, Komvux ipo.

Mfano tunao karibu. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akafika Uingereza kama mkimbizi. Alifanya kazi ya usaidizi hospitalini huku akisoma. Mwaka 1982 alipata shahada ya udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 Akademi ya Uswidi, hapa hapa Stockholm, ikamtangaza mshindi wa Nobeli ya fasihi.

Hatua za wiki hii

- Fungua akaunti, pakia vyeti mapema. Vyeti vya nyumbani huhitaji muda zaidi.
- Ukikubaliwa, jibu kwa wakati. Ukikaa kimya, nafasi hupotea.
- Wenye ukaazi wa familia au ulinzi hawalipi ada. Ndugu wanaoomba kutoka Afrika Mashariki hulipa ada ya maombi kronor 900 na ada ya masomo. Kwao mlango wa kwanza wa uzamili hufungwa katikati ya Januari, na waangalie ufadhili wa Svenska institutet.
- CSN hutoa ruzuku na mkopo. Uliza kabla hujasema, "Hatuna uwezo."

Maswali ya kujadili

1. Ni mlango gani umejifungia mwenyewe?
2. Wazazi, je, maneno yetu nyumbani yanafanana na ya wapelelezi kumi, au ya Kalebu na Yoshua?
3. Ni kijana gani utakaa naye, mpange chaguo zake kabla ya tarehe 15?

Sala: Ee Bwana, uliyesikia ombi la mabinti watano, wape watoto wetu ujasiri wa kuomba, sisi wazazi ulimi wa kutia moyo, na sote imani ya kupokea jibu lako. Amina.