PIN Yako Si ya Nyumba Nzima

Nilipoomba mkopo wa HELB, baba ndiye aliyenifungulia PIN ya KRA, kwa baruapepe na simu yake. Sikuona shida. Juni ya mwaka wa pili naingia iTax nijaze ritani ya sifuri, nakuta nimesajiliwa kulipa VAT! PIN ya mzee ilikuwa na madeni, basi akawa anauza simiti kwa yangu. Miezi mitatu hakujaza ritani, na faini ya kila mwezi haipungui shilingi 10,000. Deni likasoma jina langu.

Nikamwambia, "Baba, nakuheshimu, lakini hiki ni kama kitambulisho changu." Alinyamaza kitambo, kisha akakubali kulipa.

Wewe usingoje yakufike. Kwanza, weka iTax baruapepe na namba yako mwenyewe, ubadilishe nywila. Ukikwama, beba kitambulisho uende ofisi ya KRA. Pili, soma majukumu ya kodi kwenye cheti chako cha PIN. Usilolijua, omba liondolewe. Tatu, jaza ritani kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita, hata kama huna kipato. Kesho utaomba kazi serikalini, na watakuuliza cheti cha kodi wewe, si mzee.