Ruzuku ya Fedha na Afya ya Kaya Maskini: Funzo kwa Chemba

Wilayani Chemba, mkoani Dodoma, mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka. Kaya isiyo na akiba ikipatwa na ugonjwa kabla ya mavuno, huuza mbuzi kwa hasara au huchelewesha matibabu.

Mwaka 2010 TASAF ilianza kutoa ruzuku ya majaribio katika wilaya za Chamwino, iliyo mkoa huohuo, Bagamoyo na Kibaha. Vijiji 40 vilipokea, vingine 40 vikawa vya ulinganisho. Kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya, zikawanunulia watoto viatu na kuongeza mifugo.

Ruzuku hiyo iliambatana na masharti ya kuhudhuria shule na kliniki. Huko Rarieda, Kenya, kati ya 2011 na 2013, fedha zilitolewa bila sharti lolote. Hata hivyo, kaya zilinunua chakula zaidi na kuezeka mabati. Matumizi ya pombe hayakuongezeka.

Hivyo basi, maskini hakosi busara, hukosa nafasi ya kuitumia. Mwenye akiba humpeleka mtoto zahanati siku ya kwanza ya homa, wala si ya nne. Lakini akifika akakuta hakuna dawa, ruzuku pekee haitamponya.